Vijiko vya Githinji

Sajini Elema Dadacha alisimama kando ya barabara ya Kulamawe, mikono kiunoni, akaitazama ile baisikeli kwa hasira kana kwamba imemtukana. Ilikuwa imegeuzwa chali, tandiko na usukani vimekanyaga mchanga, gurudumu la mbele liko juu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limefunguliwa likalazwa pembeni, tairi lake halina pumzi hata kidogo.

"Ndiyo hiyo, afande," alisema Ado, yule dereva wa lori aliyepeleka habari kituoni jana. "Mtu alipata pancha, akakaa kutengeneza, shifta wakamkuta. Maskini Githinji. Alikuwa mtu mzuri sana."

"Ulishuka ukaiangalia?"

"Mimi? Wallahi sikushuka! Nishuke nipigwe risasi? Nilipunguza mwendo tu, nikaona kwa dirisha, nikakanyaga mafuta mpaka Isiolo." Ado akanyoosha kidole kaskazini. "Tazama nyayo zile. Zinaenda Korbesa."

Elema akazitazama. Zilikuwa nyayo za mbuzi na mchungaji wao, na mbuzi hawajawahi kuteka mtu nyara. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka ya kukasirika na uvivu wa kuongea, na watu wengi wa Isiolo walikuwa wamejikuta ndani ya seli kwa kudhani kwamba ukimya wake ni ujinga.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao mvua iliisahau Isiolo kabisa. Ng'ombe walikufa wamesimama. Serikali ilikuwa imefunga karantini: hakuna ng'ombe kuvuka kwenda Meru bila kibali. Kazi ya Githinji, mkaguzi msaidizi wa mifugo, ilikuwa kuzunguka na baisikeli yake katika barabara hizo, kusimamisha malori na kuuliza kibali kiko wapi. Juzi asubuhi alitoka nyumbani kwake. Hakuonekana tena.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshakata shauri. Askari wote waliokuwa na miguu miwili walikuwa wametumwa upande wa Korbesa kuwafuata shifta, wale majambazi wa nyika. Na kijana mmoja mchungaji, jina lake Jaldesa, alikuwa amekamatwa Kulamawe jana jioni akitembea na spana ya Githinji shingoni, ameifunga kwa kamba kama pambo. Jioni hii angepelekwa Meru kwa kesi ya kuua.

"Kuua nani?" Elema alikuwa ameuliza asubuhi. "Maiti iko wapi?"

"Itapatikana," alijibu mkuu wa kituo.

Elema hakulipenda neno hilo hata kidogo. Kama Githinji hajafa, basi yuko mahali katika jua hili, na kila saa inayopita inamkausha. Ndiyo maana aliomba Landrova moja, konstebo mmoja, na ruhusa ya kumchukua Jaldesa akaonyeshe mahali alipookota spana. Mkuu wa kituo alimpa, tena akamwongezea Ado ili aonyeshe ilipo baisikeli.

"Konstebo," Elema akaita.

Konstebo Lochoro, Mturkana mrefu aliyekuwa dereva wa Landrova, akasogea. Ado alikuwa ameenda upande wa pili wa gari kuwasha sigara. Elema akashusha sauti.

"Wewe umewahi kuwa na baisikeli?"

"Ninayo mpaka leo, afande."

"Ukipata pancha njiani unafanya nini?"

"Naigeuza. Natoa tairi upande mmoja kwa vyuma, nachomoa tyubu, naweka kiraka, narudisha."

"Gurudumu unalifungua?"

Lochoro akacheka. "Gurudumu la nyuma? Na mnyororo? Ya nini hiyo kazi? Gurudumu linakaa palepale, tyubu tu ndiyo inatoka." Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akaigeukia baisikeli. "Aisee."

"Sasa angalia nati."

Wakachuchumaa. Nati mbili za gurudumu la nyuma zilikuwa zimetupwa mchangani, na kona zake zimeliwa. Hazikufunguliwa kwa spana ya saizi yake. Zilifunguliwa kwa koleo, na mtu mwenye nguvu na haraka.

"Githinji alikuwa na spana," alisema Elema. "Afungue nati zake mwenyewe kwa koleo kwa nini? Na angalia hapa." Chini ya usukani palikuwa na jiwe, na nyuma ya jiwe kijiwe kingine cha kulikaza. "Hili limewekwa la nini?"

"La kukinga, isiteremke," alisema Lochoro, kisha akajisikia mwenyewe. "Lakini afande, baisikeli iko chali! Itateremka iende wapi?"

"Nami najiuliza hivyo hivyo. Twende kule nyuma."

Hatua kadhaa nyuma ya baisikeli, katika barabara yenyewe, yalikuwa yamepangwa matawi ya mgunga. Yalikuwa yameanza kunyauka. Yalifuatana moja baada ya jingine, na juu ya kila tawi palikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi ili upepo usilibebe.

"Watu wa malori huweka hivyo wakiharibikiwa," Lochoro akanong'ona.

"Malori, ndiyo. Baisikeli mtu anaiwekea matawi?"

"Hata siku moja!"

"Nyamaza basi, usipige kelele." Elema akayatazama yale mawe tena, jiwe juu ya kila tawi. "Hakuna shifta hapa. Mtu wa lori alitaka ionekane Githinji amepata pancha. Akatengeneza pancha vile anavyoijua yeye: kinga kwa jiwe, fungua gurudumu lote, weka matawi. Mkono wake umefanya kabla kichwa hakijafikiri. Na Githinji alipanda lori hilo, kwa hiari au kwa kufungwa."

"Lori gani?"

"Hapo ndipo sijui. Ingia gari."

Wakati Landrova inanguruma kuelekea njia panda ya Kinna, Elema alikumbuka maneno ya Wacuka, mke wa Githinji. Mama huyo alikuwa amesimama kwenye ngazi za kituo tangu alfajiri, khanga mabegani, hataki kukaa. Elema alimwonyesha ile spana.

"Ni yake," alisema Wacuka. "Lakini vingine viko wapi?"

"Vingine gani, mama?"

"Vyombo vyake. Ana kimkoba cha turubai, nilishona mimi. Ndani kuna spana, kikopo cha dawa ya viatu chenye viraka na gundi, kipande cha msasa, na vijiko viwili."

"Vijiko?"

"Vya kutolea tairi. Amevipinda mpini." Akakaza khanga mabegani. "Ni vijiko vya seti yangu ya arusi, afande. Alivichukua bila kuniuliza. Juzi asubuhi nilivikosa jikoni, tukagombana. Nilimwambia... nilimwambia asirudi kwangu bila vijiko vyangu. Ngai wangu, mbona nilisema hivyo?"

Elema akauliza swali la kazi. "Huo mkoba anauweka wapi? Kwenye karia, nyuma ya tandiko?"

"Hapana. Aliibiwa vyombo mara moja pale sokoni. Tangu siku hiyo anaufunga kiunoni, chini ya koti. Hata akila hautoi."

Hilo ndilo lililokuwa likimkuna Elema kichwani tangu asubuhi. Mtu anayetengeneza pancha hutandaza vyombo vyake chini: kijiko hapa, kikopo pale, msasa juu ya goti. Pale kwenye baisikeli hapakuwa na chombo hata kimoja, wala unga wa msasa, wala tone la gundi. Mkoba haukufunguliwa pale. Mkoba ulikwenda na mwenyewe.

"Jaldesa," aliita, akigeuka nyuma.

Kijana alikuwa ameketi sakafuni mwa gari, pingu mkononi, magoti kifuani. Ado alikuwa kwenye benchi juu yake, anapiga domo bila kupumua: bei ya dizeli, ubaya wa barabara, ukatili wa shifta.

"Naam, afande."

"Sema tena ulipata wapi hiyo spana."

"Nimesema mpaka mdomo umechoka. Barabara ya Kinna, afande, baada ya njia panda. Ilikuwa katikati ya barabara inang'aa. Nikaona ni kitu kizuri, nikafunga kwa shingo. Kama mimi naua mtu, nitatembea na chuma yake kwa shingo kila mtu aone? Mimi ni wazimu?"

"Waria, we kijana, nyamaza," alisema Ado. "Afande, huyu anawapoteza. Kinna hakuna kitu. Shifta wako Korbesa, dunia nzima inajua. Tunachoma mafuta ya serikali bure."

"Mafuta si yako," alisema Elema.

Walipofika pale Jaldesa alipoonyesha kwa kidevu, Elema akamwambia Lochoro aendeshe polepole, gurudumu moja nje ya njia. Yeye mwenyewe alitoa kichwa dirishani. Vumbi lilimjaa machoni na meno. Jua lilikuwa limeshapanda na mchanga ulikuwa unawaka. Wakaenda hivyo, wakaenda, Ado akiguna nyuma, mpaka Elema akapiga mlango kwa kofi.

"Simama! Simama hapo!"

Akaruka kabla gari halijatulia. Kwenye ukingo wa barabara, nusu kimefukiwa, palikuwa na kikopo cha dawa ya viatu. Akakifungua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na viraka vya mpira vilivyokatwa mviringo, na kitube cha gundi kilichokunjwa mwisho kama dawa ya meno.

"Wallahi!" akapiga kelele Jaldesa kutoka ndani ya gari. "Mmeona? Mmeona mimi si mwongo?"

"Afande," alisema Lochoro, macho yamemtoka, "huyu mtu anadondosha vyombo. Anatupa kimoja kimoja!"

"Ndani ya lori, kati ya ubao na ubao," alisema Elema. Alitaka kucheka na kupiga kelele pia, lakini cheo kilimzuia. "Juzi alikuwa hai. Alikuwa hai na ana akili zake, na anatuonyesha njia. Twende, twende!"

Ado peke yake hakusema kitu. Tangu asubuhi ndiyo mara ya kwanza alikuwa ametulia.

Mbele kidogo palikuwa na kibanda cha mikeka ambapo mama mmoja aliyeitwa Abiba aliuza chai ya maziwa kwa wasafiri, ijapokuwa mwaka ule maziwa yalikuwa machache na wasafiri wachache zaidi. Lochoro akasimamisha gari kivulini. Elema akageuka kumwambia Ado ashuke anyooshe miguu, akamkuta amevuta kofia usoni na kulala fofofo, mikono imekunjwa kifuani. Mtu aliyeongea njia nzima amelala ghafla, tena mahali penye chai.

Elema akashuka.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Nagaa, ni amani? Ng'ombe wako wanapumua?"

"Wawili watatu. Nipe chai."

Abiba akamimina, akatia sukari, akakoroga. Elema akakodoa macho. Kijiko kilikuwa cha kung'aa, chenye maua yaliyochongwa, na mpini wake ulikuwa umepindwa kama kidole kinachoita mtu.

"Mama. Hicho kijiko."

"Kizuri, eeh? Lakini kimeumia. Nimeokota hapo barabarani, juzi." Akakitazama kwa huruma. "Kilianguka kutoka lori moja la ng'ombe. Lilikuwa linakimbia kama linafukuzwa. Hata kusalimia hakuna. Na huyo dereva nimekwisha kumpa chai mara ngapi! Nikimwona nitamwambia."

"Unamjua?"

"Jina sijui. Uso najua sana."

Elema akanywa chai yote kwa mkupuo, ijapokuwa ilimchoma ulimi. Angeweza kumwamsha Ado pale pale akavuliwa kofia mbele ya Abiba. Lakini je, mama akisema si huyu? Na akisema ndiye, Ado atakana: alipita, sawa, kila dereva hupita, na kijiko si chake. Atakaza mdomo, na Githinji atakauka mahali wakati wao wanabishana. Elema alihitaji kitu ambacho Ado hatakikana hata kidogo, na alikihitaji sasa hivi.

"Mama, hicho kijiko nitakirudisha kwa mwenyewe. Kina watu wake."

"Chukua. Lakini chai umelipa?"

Alilipa. Aliporudi kwenye gari alipita upande wa nyuma, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. Akafungua kifuniko cha pumzi cha tairi, akabana kipande cha njiti ya kiberiti ndani. Pumzi ikaanza kutoka taratibu kwa mluzi mdogo. Akapanda, akafunga mlango kwa kishindo kuufunika ule mluzi.

"Twende, konstebo."

Ado aliamka mara kibanda kilipopotea nyuma yao. Hawakwenda mbali. Landrova ikaanza kuyumba, ikalala upande mmoja, na Lochoro akalaani kwa Kiturkana.

"Pancha! Hii tairi ilikuwa mpya!"

"Haraka basi," alisema Elema. "Ado, saidia. Wewe ni mtu wa kazi hii."

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ado alikuwa amekuwa tanboi, msaidizi wa dereva, miaka mingi kabla ya kupewa usukani, na gari likipata pancha mwili wake ulisimama wenyewe. Akaruka chini. Akaokota jiwe, akalisukuma chini ya gurudumu la mbele, akalikaza kwa kijiwe. Lochoro alipoleta jeki, Ado alikuwa ameshavunja matawi ya mgunga, akayapanga nyuma ya gari barabarani, yakifuatana. Kisha akaokota mawe ya ukubwa wa ngumi, akaweka moja juu ya kila tawi, akayakung'uta kwa mguu kuhakikisha yamekaa. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo.

Elema alisimama akitazama, mikono mgongoni. Lochoro naye akatazama, jeki mkononi, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Ado," Elema akaita kwa upole. "Jiwe la juu ya tawi ni la nini?"

"La kuzuia upepo, afande. Wengine hawaweki, matawi yanaruka. Mimi nilifundishwa hivyo na..."

Akanyamaza. Ado akayatazama matawi, kisha Elema, kisha matawi tena.

"Kule kwenye baisikeli," alisema Elema, "ulisema hukushuka."

Ado akatimua mbio.

Alikimbia kuelekea vichakani kama swala, na Lochoro aliyekuwa amepiga magoti na jeki alipoteza muda kusimama. Elema alijaribu kukimbia kwa miguu yake minene, lakini mtu mwingine alikuwa amekwisha kuruka kutoka nyuma ya gari. Ni Jaldesa. Mikono yake ilikuwa kwenye pingu mbele, lakini miguu ilikuwa miguu ya mtu aliyekimbiza ndama tangu alipojua kutembea. Akampita Elema, akampita Lochoro, akamfikia Ado kwenye ukingo wa laga, ule mto wa mchanga usio na maji. Hakumshika. Alimpiga ngwala tu. Ado akaporomoka mpaka chini kwa uso wake, na Jaldesa akamkalia mgongoni, akapiga kelele kwa furaha:

"Huyu! Huyu ndiye! Mimi si mwongo!"

Elema alifika akihema. Kutoka mfuko wa nyuma wa suruali ya Ado alichomoa koleo zito lililojaa mafuta ya gari. Meno yake yalikuwa na chembe za chuma king'aacho.

"Githinji yuko wapi?"

"Sikuua mtu, afande! Naapa! Alitaka kibali, sikuwa nacho, ng'ombe si wangu, ni wa tajiri mmoja wa mjini. Alisema anapeleka habari kituoni. Mimi na tanboi wangu tulimfunga tu. Nilisema nitamfungua, ng'ombe wakishavuka kwenda Meru."

"Na ndio maana ukawapeleka askari wote Korbesa."

"Sikuua!"

"Yuko wapi?"

"Josho la zamani. Hapo ng'ambo ya laga."

"Ulimwachia maji?"

Ado akageuza uso mchangani. Elema akamfungua Jaldesa pingu, akamfunga Ado, akamsukumia Lochoro.

"Mweke garini. Jaldesa, jerikeni la maji! Kimbia!"

Wakakimbia. Elema alikuwa hajakimbia hivyo tangu chuo cha polisi. Mchanga wa laga ulimeza viatu vyake, miba ilichana shati. Jaldesa alikuwa mbele na jerikeni begani. Upande wa pili ukatokea ule ukuta wa saruji, handaki refu jembamba ambamo ng'ombe walikuwa wakiogeshwa dawa zamani, sasa kavu na lenye nyufa. Kimya kilikuwa kikubwa mno.

"Githinji!" akaita. "Githinji!"

Kimya. Kisha wakasikia kitu kidogo: krr, krr, krr. Kitu kikisuguana na kitu, kikinyamaza, kikianza tena.

Alikuwa chini handakini, amefungwa kwenye nguzo ya kona ambako palikuwa na kivuli chembamba. Midomo ilikuwa imepasuka na macho yamezama. Lakini vidole vyake viwili vilikuwa vimeshika kipande cha msasa, kile cha kukwaruzia tyubu kabla ya kuweka gundi, na alikuwa akikisugua kwenye kamba. Kamba ilikuwa imebaki nyuzi chache. Hakuwa ameacha kusugua hata walipomfikia. Jaldesa alimshika mikono kwa taratibu.

"Basi, mzee. Basi. Tumefika."

Akamtilia maji mdomoni kidogo kidogo, kama anavyonyweshwa ndama aliyedhoofika. Githinji akakohoa, akanywa, akakohoa tena. Akamtazama kijana, akaiona spana yake, kwa maana kule barabarani Lochoro alikuwa amemrudishia Jaldesa kwa muda ili aonyeshe alivyoibeba, na bado ilikuwa shingoni.

"Wewe ndiye uliokota?" sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu.

"Ni mimi."

"Asante. Niliogopa hakuna mtu ataokota."

"Nimeokota, wakanifunga," alisema Jaldesa, na akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Wamesema nimekuua!"

"Chukua iwe yako. Nitanunua nyingine." Githinji akamgeukia Elema, na kwa mara ya kwanza kitu kama hasira kikaonekana machoni mwake. "Afande. Baisikeli yangu mliiona? Nililala mle lorini kwa ng'ombe nikichungulia. Yule mjinga alifungua gurudumu lote! Pancha yenyewe hakuna, na anafungua gurudumu! Na koleo! Nati zangu!"

Elema alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amefurahi kiasi cha kutaka kumbusu yule mtu, vumbi na mavi ya ng'ombe na yote.

Jua lilikuwa linaegemea magharibi walipoingia Isiolo, Lochoro akipiga honi kuanzia sokoni mpaka lango la kituo ingawa hakuna aliyemwagiza. Daktari wa zahanati njiani alikuwa amemtazama Githinji na kusema atapona, maji tu na kupumzika. Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akamwona Ado kwenye pingu na Jaldesa bila pingu, akafungua mdomo, akaufunga.

Wacuka alikuwa bado kwenye ngazi. Alipomwona mumewe akishushwa garini, ameshikwa na Jaldesa upande mmoja na Lochoro upande mwingine, hakusogea. Githinji ndiye aliyemfuata, polepole, mpaka akasimama mbele yake. Akaingiza mkono kwenye kimkoba cha turubai kiunoni, akatoa kijiko kimoja chenye mpini uliopinda.

"Nimerudi na kimoja," alisema. "Kingine nilitupa njiani. Unisamehe, mama watoto."

Wacuka akaweka mkono mdomoni. Elema alikuwa karibu, na katika mfuko wa shati lake, ndani ya leso, ndimo kilimokuwa kile kingine. Kilikuwa kielelezo. Kilipaswa kuandikwa namba na kuwekwa kabatini mpaka siku ya kesi. Akakitoa, akamkabidhi Wacuka.

"Afande," alinong'ona Lochoro, "korti itauliza."

"Korti tutaipa nati na koleo."

Wacuka alivishika vijiko vyote viwili, akavigeuza, akapitisha kidole kwenye mipini iliyopinda. Alikuwa analia wazi wazi sasa, bila kujificha na watu.

"Usivinyooshe," alimwambia mumewe. "Unasikia? Hata nikikwambia siku moja nimekasirika, usivinyooshe. Viwe hivi hivi."

Kisha akavirudisha ndani ya mkoba, akaufunga upya kiunoni mwa mumewe, akakaza fundo, akalijaribu kama limeshika. Akamshika mkono, na wawili hao wakaanza kwenda nyumbani kwa miguu, kwa sababu baisikeli ilikuwa bado kule Kulamawe.